Tantini anajibu: mposho, parsele na karatasi za ndoa

Hapa kwetu Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, niliomba maswali juu ya usawa wa mwanaume na mwanamke, na waliotangulia kuandika ni akina baba. Nimefurahi. Majina nimeyaficha, komine (wilaya za jiji letu) nimeziweka.

*"Tantini, nilikuwa fundi, sasa sina kazi. Bibi yangu anauza unga na samaki wa tomson sokoni, komine ya Kenya. Karo za watoto ni yeye, bukari (ugali) ni yeye. Akisema neno nasikia kama ananitukana. Mimi bado ni kichwa cha nyumba au hapana?"* Baba, Katuba

Kwa karatasi, ndiyo. Kode ya Familia, yaani sheria ya familia ya Kongo, inasema katika kifungu cha 444 kwamba mume ni mkuu wa nyumba, na waliopitisha marekebisho ya Julai 2016 walikiacha palepale. Mimi naona walipitwa na nafasi nzuri. Lakini kode hiyohiyo inataka kila mmoja achangie mzigo wa nyumba kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo anayechota maji na kuamsha watoto kwenda shule naye amechangia.

Ila tuulizane huyo kichwa alitoka wapi. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, mwanzoni ilitaka wanaume peke yao. Kuanzia miaka ya 1920 ikaona afadhali wakae kambini na bibi zao, watulie, wasitoroke. Mposho, yaani chakula cha kampuni, ukawa unatolewa kwa jina la baba: unga wake, kisha sehemu ya bibi, kisha ya watoto. Bibi akapelekwa kwenye foyer social kufundishwa kushona na kupika, kama vile kijijini alikuwa hapiki. Mama aliyelima shamba lake na kujua ghala lake sasa akala kwa namba ya kazi ya mume. Vizazi viwili vilitosha, tukaanza kusema ndiyo mila ya wahenga.

Halafu miaka ya 1990 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nani alipanda magari kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutafuta unga? Nani alitandika makala na nyanya mbele ya mlango? Bibi yako hakuanza jana, Baba, anaendeleza kazi ya mama yako. Wewe ni fundi: mtengenezee meza ya biashara yenye kufuli, umpokee mizigo jioni, umwombe akuoneshe hesabu. Na neno lake likikuchoma, muulize kwanza kama amechoka.

*"Nataka mkopo wa kuongeza biashara. Ofisi moja imenidai barua ya ruhusa ya bwana yangu. Ni sheria?"* Mama, Kampemba

Ilikuwa sheria. Kode ya 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba wowote wa kujifunga. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa wanandoa wanatakiwa kukubaliana, wote wawili, mume naye. Mkishindwana, mnaweza kwenda mbele ya hakimu. Kwa hiyo kama ofisi hiyo inataka saini ya bwana yako kwenye mkopo wako, waulize kama na wanaume wanaleta saini za mabibi zao. Uliza kwa sauti ya kawaida, watu wengine wakiwa kwenye foleni.

*"Bwana yangu alikufa. Kabla matanga hayajaisha, shemeji zangu walianza kupima parsele (kiwanja chetu). Wanasema mwanamke harithi, niondoke na watoto wangu."* Mama, Ruashi

Pole sana, mama. Nitakaa kidogo kwenye swali lako, maana barua za namna hii ndizo nyingi kuliko zote.

Kwanza, usiondoke. Anayetoka nyumbani akifikiri atarudi kudai baadaye hukuta kufuli jipya mlangoni. Sheria inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na kutumia vyombo vyake.

Pili, kabla ya kusema urithi wa marehemu, tenganisha mali yako. Kama siku ya ndoa hamkuchagua namna ya kumiliki mali, kode inawahesabu kuwa mlichuma pamoja, na nusu ya mlichochuma katika ndoa ni yako. Hiyo nusu haiingii kwenye urithi hata kidogo. Shemeji zako wanapima parsele nzima kama ya ndugu yao. Wamekosea hesabu tangu mwanzo.

Tatu, fungu la marehemu. Robo tatu ni za watoto wake, wasichana sawa na wavulana, pamoja na wale aliowazaa nje akawatambua. Robo inayobaki ndiyo ya kundi la pili: wewe, wazazi wake, na ndugu zake. Shemeji wana kitu, sikufichi, lakini ni sehemu ya robo, na hawawezi kuichukua kwa kuwafukuza watoto wenye robo tatu.

Sasa karatasi. Zitoe nyumbani leo: hati ya parsele, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Piga fotokopi, weka kwa mtu ambaye si wa ukoo wa bwana yako. Kisha nenda mahakamani, tribinali ya amani. Kama ndoa yenu iliishia kwenye mahari, haikuandikishwa komine, safari itakuwa ngumu zaidi, lakini nenda na watu waliopokea mahari na waliokuwepo siku ile. (Ninyi ambao mnasoma hivi mkiwa na waume zenu hai: ndoa ya kimila inatakiwa kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja. Mwezi wenu uliisha lini?)

*"Professa mmoja alisema feminisme ni ya Wazungu, sisi Wakongomani tuna utamaduni wetu."* Mwanafunzi, Lubumbashi

Neno lilitoka kwao, sawa. Lakini hata ruhusa ya mume ilitoka kwao. Ilikuwa katika kode ya Napoleon ya 1804, na Wabelgiji waliishi nayo. Wao waliondoa mamlaka ya mume mwaka 1958. Huko Ufaransa mwanamke aliyeolewa alisubiri mpaka 1965 kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mume. Sisi tukaiandika upya 1987, tukaiita yetu. Na Walamba, wenye ardhi hii ambayo professa anafundishia, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Amwulize mzee wao mmoja.

Kuhusu siasa: katiba ya 2006, kifungu cha 14, inaahidi usawa wa idadi katika uongozi. Mwaka uleule sheria ya uchaguzi ikaongeza kwamba orodha ya wagombea isiyo na usawa huo isikataliwe kwa sababu hiyo. Umeona mchezo? Mwaka 2022 wakajaribu njia nyingine: orodha yenye nusu ya wanawake haitoi pesa za dhamana. Kutoka Sophie Kanza, waziri wa kwanza mwanamke mwaka 1966, mpaka Judith Suminwa, waziri mkuu wa kwanza mwanamke mwaka 2024, hesabu miaka mwenyewe.

*"Nililipa mahari yote, mbuzi mpaka suti ya baba mkwe. Mbona bibi anasema sikumnunua?"* Kijana, Kenya

Ulichonunua unaweza kukiuza tena. Mpeleke sokoni, halafu uniandikie shemeji zako walikufanya nini.

*"Ni kweli mwanamke akiingia mgodini madini yanakimbia?"* Mchimbaji, Annexe

Yanakimbia, ndiyo, usiku, kwa malori. Mama anayeosha mawe mtoni hajawahi kuendesha hata moja.

*"Nina mimba ya miezi sita. Patron anasema nikijifungua nisirudi."* Dada, Kamalondo

Hawezi. Mimba si sababu ya kukufukuza kazi. Una wiki 14 za kupumzika, si zaidi ya 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara, na ukirudi una nusu saa mara mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwandikie barua sasa ukieleza mimba yako, abakie na nakala na wewe ubakie na nakala iliyopigwa muhuri wake. Akikataa kupokea, nenda kwa mkaguzi wa kazi kabla tumbo halijakuwa zito.

Umeuliza pia bwana yako atapata siku ngapi. Mbili.