Ukimtumia mwenzako somo, mtumie na pale lilipokukwamia

Jumatano iliyopita, saa tatu usiku, niliingiwa na ujumbe wa mwalimu wa wilaya nyingine. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwenye kundi la walimu wa fizikia tu. Aliandika: "Madam, lile somo lako la umeme limeniaibisha leo mbele ya kidato cha pili. Nimekosea wapi?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Somo hilo nililiweka mwenyewe kwenye kundi mwezi Februari, likamiminiwa maua na vidole gumba mpaka nikazima sauti ya simu. Kwangu ndilo somo bora kuliko yote niliyoandaa kwa miaka 11 ya ualimu. Na jibu la swali lake nilikuwa nalo tangu 2023. Hakukosea popote. Niliyekosea ni mimi, maana tatizo lile nililijua nikalinyamazia.

Somo hilo linaendeshwa kwa PhET. Kwa ambaye hajaitumia, ni maabara ya kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel, kwenye Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni ya bure, na baadhi ya majaribio yake yana tafsiri ya Kiswahili. Unashusha faili mara moja, baada ya hapo huhitaji bando. Shuleni kwetu tuna amita, yaani vipima mkondo wa umeme, mbili kwa darasa la watoto zaidi ya 80, na moja sindano yake haisogei. Siku niliyoiona PhET mara ya kwanza machozi yalinilengalenga.

Somo lenyewe liko hivi. Unavuta betri ya volti 9, nyaya na balbu ya omu 10, amita inasoma ampia 0.90. Unaongeza balbu ya pili kwenye mstari uleule: 0.45, mwanga unafifia. Hapo siwaelezi kitu. Nawaambia waandike kwenye daftari: tukiziweka balbu hizo mbili sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, amita iliyo karibu na betri itasoma ngapi? Wengi huandika 0.45 tena. Ikitokea 1.80 darasa zima linaguna, na hapo ndipo wanapokuwa tayari kusikiliza.

Kuna mvulana mmoja, baba yake fundi umeme, alinyoosha mkono akauliza, "Madam, ukipitisha waya mtupu toka huku mpaka huku?" Nikampisha afanye mwenyewe. Betri ikawaka moto kwenye skrini. Akasimama pale akiitazama, kisha akasema polepole, "Ndiyo maana baba anakataza watu kufunga waya badala ya fyuzi." Nimefundisha fyuzi miaka yote hiyo, haijawahi kueleweka kama siku ile.

Hayo yote niliyaandika kwenye andalio la somo. Sasa yale ambayo hayakuwemo.

Mara ya kwanza nililipeleka faili darasani kwenye kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha tukagawiwa walimu. Nilijitumia kwa WhatsApp, nikalibonyeza mbele ya watoto. Ukurasa mweupe. Nikabonyeza tena, mweupe. Kumbe ukilifungua moja kwa moja kutoka kwenye WhatsApp, kishikwambi kinatumia kisomaji cha kurasa ambacho hakiendeshi programu iliyo ndani ya faili. Lazima ulihifadhi kwanza, ndipo ulifungue kwa Chrome. Kulijua hilo kulinichukua usiku mbili. Nikahamia kompyuta ya ofisi ya taaluma, nayo kivinjari chake cha zamani, mweupe vilevile. Mara ya tatu kila kitu kikakubali, projekta ikawaka, mgeni kutoka ofisi za juu akiwa amekaa nyuma ya darasa na daftari lake. Dakika ya 12 umeme ukakatika.

Baadaye ofisini mgeni yule akasema mbele ya walimu wote, "Mwalimu, ubao haukatiki umeme." Wakacheka. Bado nakisikia kicheko kile.

Mwaka uliofuata, kwenye semina fulani, nililiona somo langu likionyeshwa ukutani na jina la mtu mwingine. Nililitambua kwa kosa langu la tahajia, neno nililolikosea mimi lilikuwa palepale. Akapongezwa. Nami nilikuwa safu ya tatu, nikapiga makofi pamoja na wenzangu.

Toka siku hiyo nikaamua kitu changu hakitatoka tena kikiwa na doa, na jina langu litakuwa kila ukurasa. Nikaanza kufuta. Nikafuta habari ya ukurasa mweupe, nikafuta umeme kukatika, nikafuta kwamba watoto wa nyuma hawakuona skrini. Likabaki somo zuri la kutazama, na ndilo lililomkuta mwenzangu mbele ya watoto 74 wanaomsubiri.

Walimu wenzangu, tunatumiana mapambo. Kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa saa nzima tukionyeshana picha za darasa linalong'aa, hakuna anayesema kipindi chake kilianguka. Kipindi ni dakika 40. Ukipoteza 20 kwa kutafuta kwa nini faili halifunguki, mada imekwenda, na upimaji wa kidato cha pili Novemba hautauliza kama projekta ilikugomea.

Kwa hiyo ukishirikisha somo, andika ulitumia kifaa gani na ulilifungua kwa programu gani. Andika walikuwa watoto wangapi. Andika umeme ulikuwepo au haukuwepo, na ulipokatika ulifanya nini. Mimi siku hizi nabeba betri mbili za tochi, balbu yake na vipande vya waya, na maswali ya kutabiri nayaandika ubaoni mapema, kwa hiyo kipindi kinaendelea hata gizani. Lijaribu faili kwenye kifaa kilekile utakachokiingiza darasani, jana yake, siyo asubuhi ile. Na kilichokukwamisha kiandike, hata kama kinakuuma, hicho hasa ndicho mwenzako anachokihitaji. Na wewe unayechukua, acha jina la mwenye somo. Ni mstari mmoja tu, haukupunguzii chochote.

Alhamisi nilimpigia yule mwalimu kabla ya mstarini. Nilimwomba radhi kwanza, kisha tukalifungua faili pamoja kwenye simu, hatua kwa hatua. Ijumaa akaazima vishikwambi vya walimu wawili, akaongeza na chake, akaachana na projekta, akawagawa watoto wapokezane kwenye vifaa vitatu. Mchana akanitumia picha: vichwa sita vimegusana juu ya kishikwambi kimoja, na katikati yao betri inawaka moto.

Jana usiku nimeliweka upya andalio kwenye kundi. Lilikuwa na kurasa tatu, sasa lina nne. Ukurasa wa nne unaanza na maneno "Ukiona ukurasa mweupe", na chini yake nimeandika tarehe ya siku niliyouona mimi.