Jibu: Kuifunga rimoti ndege ya balsa iliyokuwa ya mpira

Kaka, umeuliza kama ndege yako ya mfano ya balsa (ule mti mwepesi sana) na karatasi, mabawa sentimita 75, iliyoundwa kurushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, itabeba rimoti. Itabeba, ila adui yako ni uzito. Mimi ningejitahidi kila kitu pamoja kisizidi gramu 100.

Usihangaike na vibawa vidogo vya kugeuzia vilivyo ukingo wa nyuma wa mabawa. Ndege hizi za zamani mabawa yake yameinuka kwenye ncha, kwa hiyo usukani wa mkia peke yake unatosha kuikunja kona. Weka sevo (vimota vya kusukuma usukani) mbili ndogo, moja ya usukani na moja ya kupanda na kushuka, pamoja na mota na betri ya lithiamu ya seli moja, volti 3.7. Sevo zikae chini ya bawa, si mkiani! Betri isogeze puani mpaka ndege itulie ukiishika kwa vidole viwili, kama theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele.

Karatasi ipake dopu (vanishi ya kukaza karatasi) nyepesi. Ukiipaka nzito inavuta hadi bawa linapinda. Langu liligeuka kama chapati iliyoachwa juani.

Kuhusu wazo lako la kurushia Capri Point, ile rasi ya Mwanza iliyoingia Ziwa Victoria, hapana. Alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mota ikizima utaomba mtumbwi. Tafuta uwanja ulio mbali na ziwa, wenye nyasi, mbali na uwanja wa ndege kule Ilemela.