Jibu: Picha za zamani za pwani zipo wazi mtandaoni

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuona picha za zamani za pwani yetu bila kupanda ndege. Unaweza. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinatunza mkusanyo wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za kati ya 1860 na 1960 hivi, na kimeziweka kwenye intaneti. Ukitaka majahazi ya msimu wa kaskazi, yale yaliyokuja na upepo kutoka Arabuni, anza kwa kutafuta majina Zanzibar na Mombasa. Jaribu pia tahajia za Wajerumani, mfano Daressalam. Maelezo ya picha yaliandikwa na wageni, basi mara nyingi gavana anatajwa jina, mpagazi hatajwi. Waoneshe wazee wa mtaani kwako, huenda wakatambua sura.