Mkaguzi anasema moduli ya kuingilia ina tundu, apt inasema hakuna cha kusasisha: nimwamini nani?

Ndugu uliyeuliza, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Seva ya chuo chenu inatumia mfumo endeshi wa Debian 12, programu ya Apache ndiyo inayopokea wageni wa tovuti, na wanafunzi wanaingia kupitia mod_auth_openidc, moduli ya Apache inayompeleka mgeni kwa mtoa utambulisho, yaani huduma inayohakiki nenosiri lake. Mkaguzi aliyetoka Kampala ameandika kwamba toleo lenu, 2.4.12.3, lina tundu la usalama lililozibwa katika 2.4.16.11. Wewe ukiendesha apt, amri ya Debian ya kusasisha programu, unajibiwa kwamba hakuna cha kusasisha. Mkuu wa idara naye amekataza seva isiguswe hadi usajili wa wanafunzi uishe.

Usimwamini yeyote kati yao kabla hujalipima tundu lenyewe kwa mkono wako, ukiwa nje ya mtandao wa chuo, bila kuingiza nenosiri. Tundu hilohilo lilinikuta mwaka 2025 nikisimamia seva za taasisi moja huku magharibi mwa Uganda, nayo ilikuwa Debian 12 kama yako. Kwa siku mbili nzima niliamini nimeshaliziba, kumbe liko wazi.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazowagombanisha. Toleo la Debian likishatoka, watunzaji wake kwa kawaida hawapandishi moduli hadi toleo jipya kila tundu linapogunduliwa. Wanachukua kiraka, yaani marekebisho ya tundu hilo, peke yake na kukishonea kwenye toleo lilelile la zamani. Kwa hiyo mwanzo wa namba unabaki 2.4.12.3, ila mkiani kunaongezwa +deb12u na tarakimu. Zana nyingi za ukaguzi husoma mwanzo tu, zikapiga kengele. Mkaguzi wako hakudanganya, ameandika alichoonyeshwa na zana yake. Endesha `apt changelog libapache2-mod-auth-openidc`, inayoonyesha orodha ya mabadiliko ya kifurushi, kisha utafute CVE-2025-31492, namba rasmi ya tundu hili. Ukiiona hapo, kiraka kimo ndani ya kifurushi. Nasisitiza, ndani ya kifurushi. Kama kimo pia ndani ya Apache inayofanya kazi sasa hivi, hilo ni swali jingine, na ndilo lililoniangusha.

(Mlio kwenye Ubuntu, moduli hii imo kwenye hazina ya universe. Viraka vya huko hutegemea wanajamii au usajili wa Ubuntu Pro, kwa hiyo apt kunyamaza si dalili kwamba mko salama.)

Sasa tundu lenyewe. Linatokea pale tu mpangilio unaposema `OIDCProviderAuthRequestMethod POST`. Kwa kawaida mgeni asiyeingia akigonga ukurasa uliofungwa, moduli humtuma kwa mtoa utambulisho kwa kumbadilishia anwani. Ukichagua POST, moduli humwandikia mgeni ukurasa mdogo wenye fomu iliyofichwa, na JavaScript huituma fomu hiyo papo hapo. Kosa lilikuwa kwamba moduli ikishaandika fomu ile, ilimrudishia Apache jibu la kwamba haijashughulikia ombi. Apache nayo, kwa utiifu wake, ikaendelea na kazi: ikachukua ukurasa uliofungwa na kuubandika chini ya fomu. Mlinzi anamwambia mgeni nenda ofisini ukajiandikishe, na papo hapo anampa faili aliyoijia.

Ukitumia brauza hutaona chochote. Fomu inajituma kabla jicho halijasoma, unajikuta kwenye ukurasa wa kuingia, unaona kila kitu kiko shwari. Sisi tulikaa hivyo. Aliyenitangulia kazini alichagua POST kwa nia njema, ili vigezo virefu vya kuingia visiandikwe kwenye logi (kumbukumbu za maombi) za proksi, seva ya kati.

Siku niliyosoma tangazo la tundu nilisasisha usiku uleule, mnamo saa nne. Apt ikashusha kifurushi kipya, Apache ikajiwasha upya, nikajaribu kuingia kwa brauza, ikakubali. Nikaandika kwenye daftari la kazi "imezibwa", nikapanda boda nikaenda kulala. Siku ya tatu, nikiwa nyumbani kwa bando la simu, nikasema ngoja nijaribu kwa curl, zana ya kuvuta ukurasa kwa amri, kwa kuwa curl haina JavaScript:

`curl -si https://…/matokeo/muhula2.html | less`

Juu ikatokea fomu, mistari michache. Nikashuka. Chini ya fomu likaanza jedwali: namba ya usajili, jina, somo, alama. Wanafunzi wa mwaka mzima. Nilikuwa sijaingiza nenosiri lolote, na simu ile haikuwa na uhusiano wowote na chuo. Mikono ilinitetemeka, sioni haya kusema. Kati ya majina yale nilimwona binti wa jirani yangu, amerudia hesabu mara mbili, jambo ambalo mama yake mwenyewe alikuwa hajaambiwa.

Kiraka kilikuwa kimewekwa, na bado kilikuwa hakifanyi kazi. Nilichogundua baada ya hapo ndicho nataka ukichunguze leo:

`sudo grep openidc /proc/$(pidof -s apache2)/maps`

Amri hii inakuonyesha faili ya moduli ambayo Apache imeishika kwenye kumbukumbu kwa sasa. Kwangu ilitoka njia inayoanza na /usr/local. Yule aliyenitangulia aliwahi kuijenga moduli kwa mkono kutoka chanzo, akahariri mstari wa LoadModule, unaoiambia Apache ipakie moduli ipi, uelekee huko, akaondoka bila kuacha maandishi. Apt ilisasisha faili yake kwa uaminifu kabisa kwenye /usr/lib/apache2/modules, faili ambayo haikutumiwa na mtu yeyote. Na kwa kuwa faili ya mpangilio ilikuwa imehaririwa na mtu, apt iliiheshimu, haikuigusa. Kama kwako mwisho wa mstari utaandikwa `(deleted)`, tatizo ni jingine: faili imebadilishwa kwenye diski lakini Apache bado inaishi na ile ya zamani, inahitaji kuzimwa na kuwashwa. Hali hiyo huzipata hata maktaba za programu kama OpenSSL, kwa hiyo tafuta neno hilo kwenye maps nzima.

Kuhusu mkuu wa idara. Namwelewa, usajili ukikwama ni wewe na yeye mtakaosimama mbele ya wazazi. Lakini huhitaji kumwomba ruhusa ya kusasisha seva nzima. Mwombe ruhusa ya kubadilisha neno moja: POST iwe GET, ile njia ya kawaida ya kubadilisha anwani, kisha `apachectl configtest` kukagua mpangilio, kisha `apachectl graceful` ili Apache iusome upya bila kuwakata wageni. Ni kazi ya dakika moja, na kwa njia hiyo tundu hili linafungwa hata kabla ya kiraka. Mweleze hivi: "Mzee, alama na namba za wanafunzi zinasomeka bila nenosiri, nipe dakika moja." Mwonyeshe matokeo ya curl kwenye kioo cha simu yako. Wangu alikuwa amekataa kwa barua pepe. Alipoona jedwali lile kwenye simu aliniambia niende sasa hivi.

Baada ya kuziba, pitia logi. Tafuta maombi ya kurasa zilizofungwa yasiyo na jina la mtumiaji, yenye jibu 200 (yaani ombi limekubaliwa) na ukubwa usiolingana na fomu. Fomu peke yake ni ndogo sana, kwa hiyo jibu la baiti laki kadhaa kwa mtu asiye na jina ni ukurasa uliovuja. Mimi nilikuta machache, mengine ni majaribio yangu mwenyewe, mengine sikuweza kuyaeleza. Hapo ndipo suala linapotoka mikononi mwa fundi. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data binafsi na faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data kuiarifu mamlaka mara moja data ikifikiwa na asiyehusika. Nilimwandikia mkuu wa taasisi barua ya ukurasa mmoja: saa, faili, anwani za IP. Sikuandika maoni yangu hata kidogo. Jambo lilishughulikiwa haraka kwa sababu lilikuwa limeandikwa.

Kitu cha kushangaza kidogo: mfumo wetu wa ada, uliokaa nyuma ya moduli ileile, haukuvujisha kitu. Wenyewe huuliza tena jina la mtumiaji kabla ya kufungua ukurasa, na usipolikuta unagoma. Zilizovuja ni faili zilizolala tu kwenye saraka zikitegemea Apache peke yake. Tangu hapo matokeo hayakai tena kama faili wazi.

Matundu ya zamani ya moduli hii usiyadharau kwa kuwa yanaitwa madogo. CVE-2021-39191, iliyozibwa katika 2.4.9.4, iliruhusu mtu kutengeneza linki yenye jina la seva yako inayompeleka mwanafunzi kwenye tovuti ya tapeli. Huku kwetu ada inalipwa kwa simu. Mwanafunzi akiona anwani ya chuo mwanzoni mwa linki, atatoa namba yake ya siri ya pesa za simu bila kusita.

Kwa mkaguzi, usimjibu kwamba Debian wameshaziba, basi. Mpelekee vitu vitatu pamoja: mstari wa changelog wenye CVE-2025-31492, mstari wa maps unaoonyesha faili inayotumika, na jibu la curl kutoka nje likiishia kwenye fomu bila kitu chini yake. Mimi curl hiyo sasa inajiendesha yenyewe kila alfajiri saa kumi na moja kutoka kwenye mashine iliyo nje ya kampasi. Jibu likizidi ukubwa wa fomu, simu yangu inalia.