PgBouncer ipo, mbona wateja bado wanakatwa?

SWALI: Tuna seva nane za programu, kila moja inafungua miunganisho 50 kwenye hifadhidata ya PostgreSQL iliyo kwenye mashine ya kore 8. Tulipoanza kupata "sorry, too many clients already" tukaweka PgBouncer katikati, yaani proksi inayowagawia wateja wengi miunganisho michache ya hifadhidata. Bado wateja wanakwama, kisha wanakatwa. Fundi mmoja ameniambia nipandishe max_connections (kikomo cha miunganisho ya PostgreSQL) hadi 2000. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Fungua faili la mipangilio, pgbouncer.ini, uangalie pool_mode, yaani jinsi miunganisho inavyogawiwa. Kama hukuigusa, ni session: mteja akishapewa muunganisho anaukalia mpaka aondoke mwenyewe, na programu zako haziondoki. Wateja 20 wa kwanza (default_pool_size) wanajaza nafasi zote, wengine wanapanga foleni, na baada ya sekunde 120 query_wait_timeout inawakata. Weka transaction, nafasi irudi kila muamala unapokwisha. max_client_conn (kikomo cha wateja wa PgBouncer) ipeleke 500, maana 100 ya awali haibebi miunganisho yako 400. Ile 20 iache.

Ndiyo hiyo 20 inayowawasha watu mikono. Wanaamini proksi ni dawa ya kasi, basi wanaipandisha hadi 300. PgBouncer haiharakishi hoja (query) hata moja. Hoja isiyo na faharasa itatambaa vilevile. Kazi yake ni kuweka foleni nje ya mlango, ndani wabaki wale tu ambao kore zinawamudu. Kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato kamili: 2000 kwenye kore 8 watagombania tu, na kila upangaji wa data unadai work_mem yake, yaani fungu lake la RAM. RAM ikiisha, Linux inaua mchakato mmoja, na PostgreSQL inawakata wote ndipo ijirekebishe.

Na hawa wanaonakili mipangilio ya wenzao hawakwambii gharama ya transaction. SET (mpangilio wa muunganisho), LISTEN (kusubiri taarifa) na pg_advisory_lock (kufuli la programu) haviaminiki tena, kwani muamala unaofuata waweza kuangukia muunganisho mwingine. Badala ya SET na pg_advisory_lock, tumia SET LOCAL na pg_advisory_xact_lock, ambazo huisha na muamala. Mabadiliko ya skima yapitishe moja kwa moja kwenye 5432 (mlango wa PostgreSQL), si 6432 (wa PgBouncer). Halafu 20 ni ya kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata: watumiaji watano ni 100, umegonga ukuta uleule wa max_connections, ambayo kwa kawaida ni 100.

Ukimaliza, endesha SHOW POOLS kwenye konsoli ya PgBouncer. cl_waiting (wateja walio kwenye foleni) ikipanda, kabla hujagusa ukubwa, tafuta kwenye pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya miunganisho iliyopo, miamala iliyokaa "idle in transaction", yaani iliyofunguliwa bila kufanya kazi. Mara nyingi ni programu iliyofungua muamala, ikaenda kusubiri jibu la huduma ya malipo.