Pikipiki ya umeme kuchajiwa chumbani: shemeji ana haki ya kuogopa

Mkuu, umeuliza kama ununue pikipiki ya umeme kwa ajili ya bodaboda, na umesema shemeji amegoma kwa sababu mnaishi chumba na sebule, betri itachajiwa hapo hapo watoto wanapolala. Wengi wamekujibu kwa hesabu za petroli. Mimi ni fundi wa chaja na betri hapa Dar, na naona aliyeuliza swali la maana kuliko wote ni shemeji.

Barabarani pikipiki hizi hazinitishi. Ninachokiogopa ni betri ya lithiamu inayochajiwa usiku, karibu na mlango, watu wamelala. Ndani ya boksi la betri kuna seli, yaani betri ndogo ndogo zilizounganishwa. Seli moja ikiharibika na kupata joto kupita kiasi, huanza kuzalisha joto yenyewe bila kuhitaji umeme wa ukutani. Joto linahamia seli ya jirani, nayo inafuata. Kuanzia moshi wa kwanza hadi moto mkubwa zinaweza kupita sekunde chache tu, na moshi wenyewe ni sumu. Kama betri imekaa mlangoni, mlango mmoja mlionao umekwisha.

New York wameshapita huko. Mwaka 2023 idara yao ya zimamoto ilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 walikufa. Nyingi zilikuwa za baiskeli na skuta za umeme, zikiwemo za vijana wa kupeleka vyakula wanaochaji kwenye vyumba vyao. Maisha yao hayana tofauti kubwa na ya bodaboda wa Tandale au Mbagala. Mwaka huo huo jiji likapiga marufuku kuuza vyombo hivyo kama betri haijapimwa na kuthibitishwa usalama.

Sasa betri zenyewe. Muuzaji akikwambia "lithiamu" tu, hajakwambia kitu. Muulize ni LFP (lithiamu yenye chuma na fosfati) au NMC (yenye nikeli, manganizi na kobalti). LFP ni nzito kidogo, lakini inavumilia joto zaidi kabla ya kuharibika na inadumu miaka mingi zaidi. NMC ni nyepesi na inabeba umeme mwingi kwa uzito ule ule, ila ikikorofishwa inawaka kwa urahisi zaidi. Kwa mtu anayelala na betri nyumba moja nachagua LFP bila kusita, hata ikiongeza bei. Zile za asidi kwenye skuta za bei rahisi nazo zina shida yake: zikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, kwa hiyo chumba kilichofungwa madirisha hakifai.

Chaja ndiyo inayoniletea kazi nyingi kuliko yote. Plagi zinafanana, basi mtu chaja yake ikifa anaazima ya jirani. Chukua mfano wa betri za volti 60. Ya NMC yenye seli 17 kwa mfululizo inatakiwa kuishia volti 71.4. Ya LFP yenye seli 20 inaishia volti 73. Ukichomeka chaja ya 73 kwenye ile ya 71.4, taa zitawaka kama kawaida na hutaona tofauti yoyote, lakini kila seli inasukumwa kupita kikomo chake. Bodi ya ulinzi iliyomo ndani, ile BMS, inapaswa kukata. Kwenye betri zilizofungwa upya mitaani nimekuta bodi hiyo imerukwa kwa waya kwa sababu "ilikuwa inazima pikipiki mlimani". Hapo hakuna kinachokulinda tena.

Kwa hiyo ukiletewa betri ya mtumba, geuza boksi. Skrubu zilizochubuka, kibandiko kilichobanduliwa, namba ya utambulisho ya betri (serial) haipo, tumbo limevimba hata kidogo, harufu tamu kama ya rangi ya kucha: acha, hata kama ni nusu bei. Nimewahi kuletewa moja iliyopita kwenye maji ya mafuriko, mwenyewe akisema imekauka na inafanya kazi vizuri. Ilikaa kimya siku kadhaa kisha ikaanza kufuka moshi nje ya karakana. Ndiyo maana mvua kubwa ikinyesha nakuomba usikatize bonde la Jangwani hapa Dar, linalojaa maji, na pikipiki ya umeme, hata wenzako wa petroli wakipita. Betri iliyozama haiingii ndani ya nyumba tena mpaka ifunguliwe na kukaguliwa.

Kuhusu gharama, kuna kitu hakijatajwa. Betri ya volti 72 na Ah 40 (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) inabeba karibu uniti 2.9, na ukijumlisha kinachopotea kwenye chaja unavuta zaidi ya 3 ukutani. Ukichaji kila siku ya kazi, pikipiki peke yake inapita uniti 75 kwa mwezi, na hicho ndicho kikomo cha D1, daraja la bei nafuu la TANESCO kwa watumiaji wadogo. Ukihamishiwa T1, daraja la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, si 100 tena. Bado ni nafuu kuliko petroli, lakini kama LUKU mnachangia wapangaji wanne, zungumza nao kabla, la sivyo ni ugomvi.

Ushauri wangu kwako: kama kwenye njia zako kuna kituo cha kubadilisha betri, unakoacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, chukua pikipiki ya mfumo huo. Utafungwa na kampuni moja, ni kweli, na ikifunga vituo unabaki na chuma. Lakini betri haitalala na watoto, na hilo kwangu lina uzito kuliko yote.

Kama kituo hakipo, chaji mchana au jioni mkiwa macho. Kwa chaja ya ampea 10 ni kama saa nne, hakuna haja ya usiku kucha. Iache ipoe nusu saa baada ya kazi. Weka kwenye sakafu ya saruji, barazani chini ya paa, mbali na godoro, pazia na mtungi wa gesi. Chomeka ukutani moja kwa moja, siyo kwenye ekstensheni yenye friji na pasi. Ikianza kutoa moshi au sauti ya kuchemka, usiibebe. Toa watu wote, funga mlango nyuma yenu, piga zimamoto 114.

Kabla hujalipa, piga picha kibandiko cha betri na cha chaja uziweke hapa hapa kwenye uzi. Nitakusomea volti na aina ya seli, na shemeji naye asome.