Mbio za matope Pemba: isome ardhi kabla hujaikimbia

Masika yakishika, njia moja ya kilomita 10 kwenye mashamba ya Pemba huwa na matope ya aina tatu au nne, na kila tope lina namna yake ya kukuangusha. Wengi hawaangukii kwenye tope zito. Huanguka pale walipodhani wameshatoka. Kwa hiyo kama kwenye lami kilomita 10 unazimaliza kwa saa moja, hapa jipe saa moja na nusu, na usione haya.

Anza na udongo mwekundu wa kinamo, ule wa mitelemko ya mikarafuu. Manyunyu ni mabaya kuliko mvua ya kumwaga: hulowesha ngozi ya juu tu, chini pamebaki pagumu, basi njia yote inakuwa kama imepakwa sabuni. Shuka kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yamelegea, mikono imetanuliwa, kiwiliwili kimeelemea mbele kidogo. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayekaa kitako, kwa sababu uzito wake umeshaziacha nyayo. Mteremko ukiwa mkali mno, geuka ubavu. Macho yawe hatua tatu au nne mbele, si kwenye vidole vya miguu. Pembeni penye nyasi fupi pana nafuu, lakini usiyaamini majani ya mikarafuu yaliyolowa. Chini yake kuna mizizi, na mzizi uliolowa haukanyagwi: unarukwa.

Kinamo pia hung'ang'ania. Baada ya mita mia mbili kila kiatu kimebeba tope lake, na meno yote ya soli yamejaa. Piga mguu chini kwenye nyasi mara mbili tatu ndipo uendelee. Sekunde tano hizo zinalipa.

Bondeni kwenye mpunga mambo ni mengine. Tope ni jeusi, laini, linameza hadi kwenye muundi. Ukisimama umezama, kwa hiyo usisimame, na kanyaga kwa unyayo mzima. Mguu ukinaswa, usiuvute kwa nguvu: utikise kushoto na kulia hewa ipenye, kisha uinue vidole vikiwa vimeelekea juu. Ukivielekeza chini, mguu hutoka na kiatu hubaki. Wenyeji wakiwa wametandaza makumbi ya nazi njiani, kanyaga yale yaliyolala nyuzi juu. Ganda la nje ni laini na linateleza. Gogo la mnazi lililolazwa kuwa daraja livuke kwa kutembea, hata kama nyuma yako wanapiga kelele. Na tuta la mpunga ni jasho la mtu, usilibomoe kwa kukwepa tope.

Kiatu kinachofaa ni raba yenye meno ya milimita 5 au 6, yaliyoachana. Meno yaliyobanana hujaa tope, na ukishajaza huna tofauti na mwenye kandambili. Njumu za mpira wa miguu zinashika vizuri bondeni, lakini kwenye jiwe na lami zinakutupa. Kwa upande wa maweni, mashariki na kusini ya Unguja, usizijaribu kabisa: kule tope ni jembamba juu ya jiwe kali, unataka soli nene, na ukianguka unachanika badala ya kuchafuka tu.

Kamba ndiyo inayosahauliwa. Tundu la juu kabisa, ingiza kila kamba upande wake uleule ili ifanye kitanzi, kisha pitisha kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta. Kisigino hakitacheza. Funga fundo mara mbili, ncha zifiche chini ya kamba. Soksi za pamba ziache nyumbani, zinakunywa maji, zinakunjamana na kutoa malengelenge. Paka mafuta ya mgando vidoleni, kwapani na mapajani. Wanaovaa nguo ndefu wapandishe upindo juu ya kifundo cha mguu, maana upindo ukishanywa tope unakimbia na ndoo mbili.

Sasa jambo ambalo halina mzaha: kichocho kipo Unguja na Pemba. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya ngozi nzima, haihitaji jeraha. Mtoni pita darajani. Ukimaliza mbio usijitupe kijitoni kuosha tope, oga kwa maji ya bomba au ya kisima. Ukiona damu kwenye mkojo, hata baada ya miezi, nenda kituo cha afya. Kupima siku ya pili hakusaidii, kwani mayai hayaonekani mpaka zipite wiki kadhaa. Mchubuko uoshe kwa sabuni siku hiyohiyo, na kama chanjo ya pepopunda hukumbuki ulichanjwa lini, ulizia.

Wanaoandaa waanze kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na wenye mashamba. Alama za njia zifungwe mitini usawa wa kifua, maana za chini mvua inazifuta. Mwanzo wa mbio uwe kwenye uwanja au barabara pana, kwa urefu wa angalau mita 500, watu watawanyike kabla ya uchochoro, la sivyo wa mbele akianguka wanamlalia kumi.

Viatu vioshe kabla tope halijakauka, kwa maji na dodoki, toa na soli ya ndani. Vijaze magazeti, badilisha baada ya saa mbili, viache kivulini penye upepo. Ukiviweka karibu na jiko gundi inalegea, na soli utaiacha bondeni mbio zijazo.